Sabuni ya Bi Lubaba na Siku Moja ya Kimya

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu wote, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham alikuwako mwanamke mcha Mungu akiitwa Lubaba binti Harithi. Alikuwa mjane, hakujaaliwa mtoto, na kazi yake ilikuwa kupika sabuni.

Msidhani sabuni ya zamani ilikuwa kama hii yetu, unanunua dukani, unachana karatasi, unaoga. Bi Lubaba alichuja maji ya jivu kwa mikono yake mwenyewe, akayachemsha pamoja na mafuta ya zeituni katika sufuria kubwa siku saba, akikoroga kwa mti mrefu hadi mabega yanakufa ganzi. Ikisha kuiva, huimwaga sakafuni ipoe, akaikata vipande, akavipanga vikauke miezi kadhaa. Na ndani yake alikuwa akitia maua ya waridi yaliyosagwa. Wanawake wa mji ule walikuwa wakisema kwamba ukioga kwa sabuni ya Bi Lubaba, mumeo atajua kabla hujamfungulia mlango. Msicheke sana jamani, tuko darasani.

Sasa, maji ya jivu ni makali. Yakizidi kipimo, au sabuni isipoiva sawasawa, inaunguza ngozi. Na jicho halioni tofauti. Sabuni mbichi na iliyoiva zinafanana rangi, zinafanana harufu. Wapishi wa sabuni walikuwa na njia yao ya kujua: unagusisha ncha ya ulimi kwenye kipande. Ikiuma, ni mbichi, inarudi sufuriani. Isipouma, iuze. Bi Lubaba hakuwahi kutoa sabuni nyumbani kwake bila kuionja. Na kila Alhamisi alikuwa akipeleka vipande msikitini kwa ajili ya kuoshea maiti wa kimasikini, bila kuchukua chochote. Kwa hayo mawili, uaminifu na sadaka, watu walimpenda na kumheshimu mno.

Mwaka mmoja mafuta ya zeituni yalichelewa kufika, na yalipofika yalikuwa machache. Sufuria yake ya mwisho ikapikwa kwa mafuta ya kubahatisha. Vipande vyake vilikauka taratibu, na siku ya kuvitoa ikaangukia Ramadhani, kumi la mwisho, wakati ambao kila nyumba inataka sabuni ya Idi.

Wanavyuoni wetu wamelieleza jambo hili. Mwenye haja ya kuonja kitu akakigusa kwa ulimi kisha akatema, asimeze, saumu yake haidhuriki. Naye Bi Lubaba aliyajua hayo vizuri kabisa. Lakini nafsi ilimpambia. Akasema moyoni: "Mimi nitie sabuni kinywani, na Lailatul-Qadri inatarajiwa? Hasha! Nitaonja nikishafuturu." Akafuturu, akasali Magharibi, akaenda tarawehe, akalia sana katika sijida zake. Sabuni akaisahau.

Kesho yake akaja mjumbe wa Bi Safura. Huyu Bi Safura alikuwa mke wa muhtasibu, yaani yule msimamizi wa soko mwenye kukagua mizani za watu na kufunga maduka ya wadanganyifu. Binti yao, Jumana, alikuwa anaolewa siku ya nne ya Idi, na mama mtu alitaka sabuni nzuri kuliko zote. Bi Lubaba alifunga vipande kumi katika kitambaa cheupe, akavinyunyizia marashi, akamwombea bibi harusi baraka. Wala hakukumbuka kitu.

Siku ya tatu ya Idi, asubuhi, Jumana akapelekwa hamamu, yaani nyumba ya kuogea, ya wanawake. Msuguaji wa hamamu ile alikuwa mwanamke wa makamo akiitwa Unaysa. Alikuwa na maneno makali, lakini mikono yake ilikuwa laini, na maharusi wote wa mji walipita mikononi mwake. Singo, ule unga wa kusugulia mwili, alikuwa akiisaga mwenyewe: dengu, manjano, na ganda la chungwa lililokaushwa. Akamsugua binti kwa singo hiyo mwili mzima, kisha akamwogesha kwa sabuni ya Bi Lubaba. Haukupita muda mrefu Jumana akaanza kulia. Shingo na mikono ikawa myekundu, mahali pengine ngozi ikatoka. Harusi ikaahirishwa.

Mnafikiri nani aliyelaumiwa? Sabuni ilikuwa ya Bi Lubaba, mcha Mungu, mwenye kutoa sabuni ya maiti wa masikini. Singo ilikuwa ya Unaysa, mwenye ulimi mkali, asiye na mtu wa kumsemea. Hata swali halikuulizwa.

Siku ile ile, kabla ya adhuhuri, jirani mmoja alimpitia Bi Lubaba na habari zote.

"Wanasema singo ya Unaysa ina sumu," akasema jirani. "Mimi nilisema zamani, yule anachanganya vitu vyake ovyo. Bora wangetumia sabuni yako peke yake, mtoto wa watu asingeungua."

 Jirani alipoondoka, Bi Lubaba aliingia ndani, akachukua kipande kimoja kati ya vilivyobaki vya sufuria ile ya mwisho, akakigusisha ulimini. Kikamuuma mpaka machozi yakamtoka. Akaketi sakafuni, akaogopa kama hajawahi kuogopa tangu alipomzika mumewe.

Hapo ndipo Iblisi alipompata, na alimjia na hoja za heri, kwa sababu alijua za shari hazitapita. Akamwambia: Ukisema, muhtasibu atakufungia duka. Duka likifungwa, maiti wa masikini wataoshwa kwa nini? Na watu wakisikia kwamba Bi Lubaba ameunguza bibi harusi, watawakejeli wacha Mungu wote. Ngoja kidogo. Bibi harusi atapona tu. Kesho utaona la kufanya.

Bi Lubaba akatawadha, akasali rakaa mbili ndefu. Alisali, naam, lakini hakwenda kwa Bi Safura. Ikaingia Alasiri hajaenda, ikaingia Magharibi hajaenda. Mimi kila nikisoma hapa namhurumia na namkasirikia pamoja, kwa sababu nyumba ya muhtasibu ilikuwa mtaa wa pili tu.

Kulipokucha alitoka. Wasimulizi hawakutuambia kama alikuwa amekusudia kwenda kusema au alikuwa anakwenda sokoni. Njia yake ilipita hamamu, na pale mlangoni akaona kinu, chekeche na mabakuli vimetupwa nje, na singo imemwagika juu ya mawe. Mwenye hamamu alikuwa amemfukuza Unaysa. Wanawake walisimama pembeni wakinong'ona, na mmoja akasema kwa sauti, "Na kusugua kasugue kwako, usituletee sumu yako." Unaysa alikuwa amepiga magoti anazoa dengu zake. Akainua uso, akamwona Bi Lubaba.

"Bi Lubaba!" akamwita. "Wewe unanijua miaka ishirini. Nimewahi kumdhuru mtoto wa mtu? Waambie basi, dada yangu. Wewe ukisema watasikia."

 Bi Lubaba akainama, akamshika mkono.

"Inuka," akasema. "Twende sote kwa Bi Safura. Ninalo la kusema."

Wakaenda. Walimkuta Bi Safura ameketi na binti yake, amemfunga shingo kwa kitambaa kilichochovywa mafuta. Alipomwona Unaysa akafoka: "Huyu kafuata nini humu?"

"Nimemleta mimi," akasema Bi Lubaba. "Bi Safura, singo yake haina kosa. Sabuni yangu ndiyo iliyomuunguza binti yako. Sikuionja. Nililinda saumu yangu, nikaacha kuilinda ngozi ya mwanao."

Mngemsikia Bi Safura! Badala ya kukasirika, uso wake ukalainika, macho yakamjaa machozi.

"Subhanallah," akasema. "Tazameni mja wa Mwenyezi Mungu. Yuko radhi kujichafulia jina ili amsitiri mwanamke kama huyu. Bi Lubaba, Mola akuzidishie. Nenda nyumbani kwako, mama. Wala sitamtoza huyu kitu, kwa heshima yako."

Tazameni mtihani ulivyo, ndugu zangu. Ukweli ameshausema. Unaysa ameshasamehewa adhabu. Na heshima yake mwenyewe imepanda juu kuliko jana. Angeweza kugeuka akaondoka, na mji mzima ungemwita walii. Nani kati yetu asingeondoka?

Bi Lubaba hakuondoka. Aliomba maji na kile kitambaa cheupe chenye vipande vilivyobaki. Akakunja mkono wa nguo, akalowesha kipande, akajisugua mkono wake mbele yao huku povu likinuka waridi. Akasubiri.  Kidogo kidogo ngozi ikawa nyekundu, ikavimba, ikawa vile vile kama shingo ya Jumana. Akawaonyesha.

"Sikuja kumsitiri mtu," akasema. "Nimekuja kwa kuwa kosa ni langu."

Jumana akamwambia mama yake, "Mama, mpe maji anawe. Inauma sana." Bi Safura akamwagia maji mkononi kwa mkono wake mwenyewe, na hakumwita tena mja wa Mungu.

Ndipo Unaysa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza: "Umejua lini?"

Hilo ndilo swali ambalo Bi Lubaba hakulitarajia. Angeweza kusema: asubuhi hii. Hakuna mtu duniani ambaye angemsuta.

"Jana," akasema. "Kabla ya adhuhuri."

Unaysa akamtazama. Jana kabla ya adhuhuri alikuwa bado na kazi yake, na jina lake lilikuwa bado linaweza kuokolewa. Bi Lubaba akapiga magoti mbele yake, akalia kwa sauti, akamwomba msamaha kwa ajili ya Mola.

"Sabuni nimekusamehe," akasema Unaysa. "Kila mpishi huunguza chungu. Lakini ile jana, Bi Lubaba, wakati wananitemea mate na wewe umekaa kwako unajua... hiyo siwezi leo. Niache nayo." Akatoka.

Muhtasibu alilifunga duka la Bi Lubaba hadi Rajabu, na sabuni yote ya sufuria ile ikaenda kutupwa nje ya mji. Mwenye hamamu alimrudisha Unaysa, tena kwa kumbembeleza. Jumana alipona, halikubaki hata alama, akaolewa mwezi ule ule wa Shawwali. Na maiti wa masikini? Waliendelea kuoshwa. Watu wengine walipeleka sabuni msikitini, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuwa amezihifadhi heri zake zote katika duka moja.

Lakini kila Ijumaa Bi Lubaba alikuwa akienda hamamu, akamsalimu Unaysa aliyekuwa amekaa juu ya benchi la mlangoni akichekecha singo yake. Unaysa alijibu salamu, kwa kuwa kujibu salamu ni wajibu, na hakuongeza neno. Bi Lubaba alisimama kidogo, kisha akarudi. Ijumaa baada ya Ijumaa, jua na mvua. Hakumlalamikia mtu, wala hakumtuma mtu amwombee. Duka likafunguliwa, Ramadhani nyingine ikaja ikapita, naye bado anakwenda, anasalimu, anarudi. Hata Ijumaa moja, baada ya kujibu salamu, Unaysa akasogea upande mmoja wa benchi.

"Kaa," akasema. "Miguu itakuuma."

Bi Lubaba akakaa. Wakachekecha pamoja mpaka adhana.

Mola awarehemu wote wawili. Mimi katika kisa hiki siiogopi sana sabuni. Mkono wa binadamu hukosea, na aliyetuumba anajua hivyo. Ninaiogopa ile siku moja, yenye rakaa ndefu ndani yake, ambayo ilimchukua mwanamke mwema zaidi ya mwaka mzima kuilipia kwa miguu yake. Basi kama kuna mtu leo anabeba lawama ambayo ni yako wewe, na wewe unajua, usiningoje nimalize dua. Viatu vyako viko hapo mlangoni.