Waraka Uliochorwa Langoni

Alitawala katika mji wa Zumaridi Sultani Shamsudini, na waziri wake mkuu alikuwa Haidari bin Muhsini, mtu wa elimu na huruma na ndevu zinazonukia udi, na ndiye aliyeandika waraka mashuhuri usemao kwamba wanadamu wote wamezaliwa sawa na hakuna aliyeumbwa kumilikiwa na mwenziwe. Wino wa waraka huo aliusaga mjakazi wake, Zafarani. Waziri hakuona ajabu yoyote hapo, nami ndiyo maana nasimulia.

Sultani alipousikia alilia, akamtunuku Waziri pete iliyofungiwa jini ndani yake. Waziri akaisugua mbele ya baraza zima, na jini akatokea na kupiga magoti.

"Amri yako, bwana wangu."

"Mimi simtumikishi kiumbe," akasema Waziri. "Nenda, u huru."

Baraza likashangilia, na jini, aliyekaa ndani ya pete ile miaka mia saba, akatokwa na machozi, akasema, "Ewe mbora wa mawaziri, nitayachora maneno yako kwenye marumaru ya lango la mji, yasifutike milele. Na bwana yeyote atakayemsomea mtumwa wake waraka huu nyumbani, mwanzo hadi mwisho, mtumwa huyo atakuwa huru papo hapo, na hapana mfalme wa kumrudisha. Lakini asome bwana mwenyewe, kwa hiari yake, kama ulivyonifungua wewe."

Siku ile ile Zafarani alimngoja Waziri ukumbini, pamoja na binti yake, Johari.

"Bwana, mimi sijui kusoma, nimeusagia wino tu. Tusomee, mimi na mwanangu."

Waziri akaukunjua waraka, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti nzuri, na Zafarani akamshika mwanawe mkono. Mstari wa pili sauti ikafifia. Zilikuwa zimebaki siku tatu binti wa Waziri aolewe na mwana wa mfalme wa Kisiwa cha Marjani, na Johari alikwisha kutajwa miongoni mwa vyombo vya bibi harusi, pamoja na masanduku ya hariri na mabirika ya fedha.

"Baada ya harusi," akasema, akiukunja. "Watu watasema nini nikimpeleka binti yangu bila mtumishi? Vuta subira, mama Johari."

"Baada ya harusi atakuwa wa mtu mwingine, bwana."

"Nimesema baada ya harusi."

Harusi ikafanyika siku saba, watu wakala wakasaza, na Johari akapandishwa merikebuni na masanduku. Mama yake hakuruhusiwa kwenda kumuaga, maana kulikuwa na masufuria ya kuosha.

Siku ya nane Waziri, aliyeona haya kweli, simsingizii, akamwita Zafarani na kumsomea waraka wote. Kikuku cha utumwa kikakatika chenyewe mguuni pake.

"Na mwanangu nani atamsomea?" akauliza Zafarani.

Waziri akaukunja waraka, kwa kuwa Johari hakuwa wake tena.

Haidari alikufa tajiri na mwenye sifa, na wasafiri wakaja kutoka kila nchi kulisoma lile lango. Nanyi mnaonisikiliza, mkiwa na neno jema, lianzieni nyumbani, tena leo, kabla hamjaozesha. Maana chini ya lango lile aliketi mwanamke mzee, na kila aliyetoka Kisiwa cha Marjani alimshika nguo, akamuuliza, "Huko kwenu, bwana wa Johari ameshausoma?"

Wengi walimjibu kwamba kule waraka unasifiwa sana.