Jembe la Jumbe Makungu

Paukwa!

Pakawa!

Zamani hizo palikuwa na kijiji kikavu, na jumbe wake aliitwa Makungu. Jumbe akawaamrisha wanawake wachimbe kisima. Wakachimba, kwatu, kwatu, kwatu.

Bi Mashavu, mama mtu mzima, alikuwa juu akivuta udongo kwa kamba. Akaona kuta zinalegea. Akaenda kwa Jumbe kuomba miti ya kuzizuia. Jumbe akamjibu kwamba miti aliyo nayo ni ya nyumba yake mpya.

Siku ya tatu, puuu! Wanawake saba wakafukiwa. Mmoja wao alikuwa Riziki, binti yake Bi Mashavu.

Waliobaki wakachimba pembeni, wakilia, mpaka maji yakatoka.

Miaka ikapita. Jumbe akasimamisha jiwe kubwa kisimani, limechongwa sura yake ameshika jembe. Makungu! Mtu asiyewahi kushika hata mpini! Akaamuru kila mteka maji aliinamie na kushukuru. Watu wakainama, wakazoea.

Asubuhi moja Bi Mashavu alimsikia mjukuu wake, mtoto wa Riziki, akisema, "Ahsante Makungu, uliyetuchimbia."

Akamuuliza ni nani aliyemwambia hivyo.

"Si huyo hapo, bibi? Ameshika jembe."

Bi Mashavu hakumgombeza mtoto. Alikwenda nyumbani, akarudi na nyundo. Kwa! Kwa! Kwa! Akaligonga lile jembe la jiwe, na kila pigo akalitia jina: Riziki. Mize. Subira. Mafunda. Tabu. Mwanaidi. Bahati.

Jumbe akaja mbio na watu wake. Alipoona wanawake wamejaa na hawaondoki, akalainika. Akaahidi kumchonga Bi Mashavu kando yake.

"Mimi sikufa, Jumbe," akasema. "Waliokufa unawajua. Uliwanyima miti."

Akagonga tena, jembe likakatika, likaanguka. Wanawake wakataka kuliangusha na jiwe lenyewe. Bi Mashavu akawazuia.

"Mwacheni asimame mikono mitupu. Watoto wataniuliza jembe liko wapi, nami nitawaambia."

Akawaambia mpaka siku ya kufa kwake, na hasira yake haikupoa. Wakabaki wanawake kuwaambia wengine.

Enyi mnaonisikiliza, jiwe husema la aliyelisimamisha. Mkilikuta, waulizeni waliofiwa.

Hadithi yangu nimeifikisha hapo; majina yale saba nawaachia ninyi.