Siku Bi Mwantumu Alipokataa Kufa

Ukimfunga mtani, chimba kaburi mwenyewe. Ndivyo mama Zaituni alivyomwambia mwanawe jana, alipomwona amenuna siku ya tatu kwa sababu wenzake walimcheka kiatu chake kilipoacha soli katikati ya harusi. Nanyi mkacheka, kisha mkauliza kaburi limeingiaje kwenye mambo ya kiatu. Haya, sogeeni, anayetaka kahawa amimine. Maneno hayo yalizaliwa Kwamdoe, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Zamani za Wajerumani, Kwamdoe ilikuwa na akida jina lake Mhando. Akida wa siku zile alikuwa watu wawili ndani ya kanzu moja. Asubuhi alikaa barazani akaamua kesi: huyu mbuzi wake kala mihogo ya jirani, yule kamtelekeza mke. Alasiri alijifunga upanga akawapigisha kwata rugaruga wake, vijana thelathini wa mgambo wenye bunduki kumi na mbili. Nyumbani alikuwa na mke, mabinti wanne, na mama yake, Bi Mwantumu, kikongwe wa meno mawili aliyejua kilichopikwa kila jiko la mji.

Mhando alikuwa Mzigua, na Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani atakutukana, atabeba kuku wako mchana kweupe, nawe huna pa kushtaki. Unacheka, unakomboa chako, yamekwisha. Lakini siku ukifiwa, huyo huyo ndiye anayeshuka kuchimba kaburi, na ndiye anayefanya mzaha hadi wafiwa wapate kuvuta pumzi.

Basi alasiri moja Mhando alitoka na kofia mpya nyekundu yenye kishada, aliyoletewa kutoka pwani. Alikuwa ameijaribu mbele ya mabinti zake siku nzima. Mji mzima ulikuja uwanjani kuitazama. Mara Msabila, mhunzi wa Kinyamwezi, akapenya na wenzake wawili, akaipokonya kofia, akamvika beberu wa mbuzi aliyekuwa akipita. Kisha akasimama wima mbele ya beberu, akampigia saluti na kumwomba amwamulie kesi yake ya mihogo. Beberu akalia mee. Msabila akawageukia watu akasema hukumu imetoka, na kwamba akida huyu haoni haya kusema kuwa mihogo kala yeye.

Rugaruga walicheka mpaka bunduki zikaanguka. Hapo Mhando angetoa jogoo akakomboa kofia yake. Lakini aliwaona vijana wake wamekaa chini, wengine wanajifuta machozi, akajiuliza kesho nani atamtii. Moyo ukamwaka. Akavuta kiti, akahukumu palepale: Msabila na wenzake, siku thelathini korokoroni kwa kuidharau serikali. Watu wakatawanyika kimya, na habari ikafika kisimani kabla ya ndoo ya kwanza kujaa. Nani alikuwa kisimani? Bi Mwantumu.

Asubuhi yake bibi akaja barazani na mkeka na mto. Akakaa mwisho wa foleni, akakataa katakata kupitishwa mbele. Zamu yake ilipofika, Mhando aliinama akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, hili tungelizungumza nyumbani."

"Nyumbani nina mwanangu. Kesi nimeileta kwa Bwana Akida. Nimeibiwa."

"Na nani?"

"Na wewe. Umechukua wachimba kaburi wangu ukawafungia."

"Mama, wewe mzima."

"Mzima wa meno mawili. Nikifa kesho atashuka nani shimoni? Hawa wapiga kwata wako?"

Mhando akamtazama mkuu wa rugaruga. Yule kijana akatazama vidole vya miguu yake, akasema, "Bwana, ukituamuru vitani, tunakwenda. Ila kaburi la Mzigua, na watani wapo hai, hapana."

Bi Mwantumu akashusha sauti. "Tulipomzika baba yako, siku mbili hukutia kitu kinywani. Nani aliingia akakohoa kama marehemu, akakugombeza kama marehemu, hadi ukacheka, ukalia, ukala?"

Mhando alikuwa anakisikia kikohozi kile, na Msabila akimfokea kwa sauti ya baba yake kwamba ugali unapoa.

"Basi nimeamua," akasema bibi, akitandika mkeka wake. "Mpaka watoke, mimi sifi. Nitakaa hapa hapa barazani, na kila siku utaniletea kuku, maana asiyekufa lazima ale."

Watu walijiziba midomo kwa kanga na mikono. Mhando aliuma mdomo, akautazama upanga wake ukutani, akatazama dari, lakini kicheko kilimshinda. Alipopata pumzi akasema kwamba katika kesi ya Msabila mshtaki alikuwa yeye, shahidi yeye, na hakimu yeye, na kesi ya namna hiyo hata beberu wa jana angeifuta. Akachukua ufunguo mwenyewe, akaenda kufungua. Jioni ile rugaruga walisimama mistari imenyooka kuliko siku zote.

Msabila alitoka akijinyoosha, akadai fidia ya majogoo mawili kwa usingizi mbaya, akapewa. Akaenda moja kwa moja mkekani, akapiga magoti mbele ya Bi Mwantumu.

"Haya mke wangu, tumeshatoka. Sasa waweza kufa."

Bibi akamtazama kutoka juu hadi chini. "Leo sina nafasi. Ijumaa kuna harusi kwa Sekiondo, na pilau yao siiachi."

Tangu siku hiyo, mtu wa Kwamdoe akinuna kwa mzaha wa wenzake, haambiwi mengi. Anaulizwa siku yake ya shida atamwita nani, kisha anakumbushwa: ukimfunga mtani, chimba kaburi mwenyewe.