Kitwitwi na Jicho la Bi Saumu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona walioitika ni watoto tu? Na nyie wenye ndevu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, si kale sana maana kamera zilikuwepo, Kitwitwi, ndege mdogo wa majini, alitua kwenye kinamasi cha pwani, nyuma ya mikoko. Alitoka mbali. Kwao baridi ilikuwa imegeuza maji kuwa mawe. Aliruka, akaruka, akaruka, hata akafika mifupa mitupu. Asipokula siku hiyo, maji yakiwa yamekupwa, asingeiona siku nyingine.

Ndege wa pale walimkaribisha. Wakamweleza desturi yao: mmoja husimama mlinzi, wengine hula. Mlinzi akilia, wote huruka, hakuna kuuliza. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Korongo, bwana mwenye shingo ndefu na wasiwasi mrefu zaidi.

Kitwitwi akachoma mdomo topeni. Tu! Akapata mnyoo mmoja. Mara, kacha! Nyuma ya majani alikuwepo Bi Saumu, mpiga picha, amelala kifudifudi topeni, jicho kubwa la kioo limewaelekea. Korongo akalia. Pururu! Wote juu. Wakazunguka, wakatua. Kitwitwi hajameza wa pili, kacha! Korongo akalia. Pururu! Wote juu tena. Na maji nayo yakaanza kurudi, shwaa, shwaa.

Kacha! Mara hii Kitwitwi hakuruka. Alijaribu, mabawa yakakataa. Akabaki peke yake mbele ya lile jicho.

"Ruka, mgeni, utauawa," Korongo akamwita kutoka juu.

"Kaka, nikiruka tena nitakufa. Bora nife ninakula."

Bi Saumu akamwona. Hakuna ndege aliyewahi kubaki mbele yake namna ile, na picha ya hivyo aliitamani miaka. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini aliona kifua cha yule ndege kilivyochongoka, akaelewa ni nani aliyekuwa anawarusha wote. Akaona haya. Akafunika kioo, akarudi nyuma kwa tumbo, polepole kama kobe, mpaka akapotea mikokoni.

Kitwitwi akala. Tu! Tu! Tu! Akala mpaka maji yakamfika magotini. Wenzake wakarudi, nao wakala. Korongo akatua kando yake, akauliza yule mtu amechukua nini.

"Hakuchukua, kaka. Ameniachia."

Kitwitwi alitaka kushukuru. Akageukia mikoko, akalia kwa sauti yote aliyokuwa nayo: twi, twi, twi. Bi Saumu, tope hadi masikioni, akasikia. Picha ya maana hakuwa nayo hata moja, na alikwenda nyumbani anacheka peke yake.

Basi, wakubwa kwa wadogo, ukimpenda kiumbe, mwache kwanza ale. Macho yako yatashiba baadaye.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye tope. Anayetaka kuiendeleza avue viatu.