Kufuli la Mama Atupele

Kufuli halijui mwizi yuko upande gani. Ndivyo alivyosema mjomba wenu walipopigilia nondo kwenye madirisha ya ghala la ushirika na sukari ikaendelea kupungua, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Basi endeleeni kumenya hayo maharage, niwaeleze maneno hayo yalikozaliwa. Yalizaliwa hapa hapa Lupando, nyuma ya nyumba ya Mama Atupele, siku ya mvua, na mimi nilikuwapo.

Mama Atupele alikuwa mkaanga maandazi, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Mwaka ule binti yake, Atupele, alikuwa na mimba ya kwanza, na ilikuwa aje kujifungulia kwa mama yake. Desturi mnaijua: mzazi hunyweshwa supu ya kuku wa kienyeji mpaka nguvu zirudi na maziwa yashuke. Kwa hiyo Mama Atupele alianza kufuga mapema. Kila kifaranga alipoanguliwa alimwinua kiganjani, akamwambia, "Wewe ni wa Atupele."

Shida ilikuwa jirani. Nyuma ya safu ya migomba aliishi Mzee Ambilikile, na Mzee Ambilikile alikuwa na mbwa mwekundu, mkia umepinda, jina lake Watasema. Jina hilo alimpa makusudi, ili kila akimwita majirani wasikie. Na kweli majirani walisema, maana kila alikopita Watasema yalibaki manyoya.

Alipoliwa mtetea wa kwanza, Mama Atupele alikwenda kwa ustaarabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Sikai. Mbwa wako amenilia kuku."

"Watasema? Hapana, mama. Watasema hali nyama. Mfupa wenyewe ananusa tu, anaondoka. Huyo atakuwa kicheche."

"Kicheche mwekundu, mkia umepinda?"

"Vicheche wako wa namna nyingi," akasema Mzee Ambilikile.

Alipoliwa jogoo, akarudi, safari hii bila shikamoo. Mzee akamwambia kwamba mbwa wake siku hizi anashinda amefungwa, akampeleka akaone kamba. Kamba ilikuwapo, imekazwa vizuri kwenye mgomba. Upande wa pili wa kamba hapakuwa na mbwa.

"Ametoka kidogo kujisaidia," akasema mzee.

Mama Atupele akaona maneno yamekwisha. Akamwita Fundi Gwamaka, akamwambia amjengee banda jipya la kumkomesha mbwa. Fundi akajenga. Mbao nene, wavu wa chuma, mawe yamepangwa chini pande zote ili mnyama asifukue, mlango wa bawaba, na juu ya komeo kufuli jeusi, kubwa kama la duka, lililonunuliwa Tukuyu mjini. Alipomaliza, fundi alilipiga banda ngumi ubavuni, akasema, "Mama, hapa hata chui haingii."

Wanawake tulikwenda kulitazama banda lile kama tunavyokwenda kutazama vyombo vya bibi harusi. Ufunguo Mama Atupele aliufunga kwenye pindo la khanga, na akipita karibu na kwa jirani alipaza sauti, "Siku hizi kwangu wanaingia waliokaribishwa!" Nyuma ya migomba, Mzee Ambilikile alikohoa tu.

Wiki chache zikapita kwa amani. Atupele akaja, tumbo limeshuka, siku zake zimekaribia. Jioni moja nilikuwa kwao nakunywa naye chai, wingu likateremka kutoka mlima Rungwe kama mtu aliyekasirika. Banda lilikuwa wazi tangu asubuhi. Mvua ilipoangusha matone ya kwanza, kuku wenyewe wakakimbilia ndani. Mama Atupele akajitanda khanga kichwani, akatoka mbio, akausukuma mlango kwa goti, akabana kufuli, ka! Hakuinama kutazama. Nani angeinama katika mvua ile?

Hakuwa hata amekaa, kuku wakalipuka. Yalikuwa makelele ya kuku wanaochinjwa.

"Amekuja!" Mama Atupele akaruka. "Leo namtaka mwenyewe!"

Akachukua mchi wa kinu, akatoka. Akalizunguka banda mara kulia, mara kushoto, hakuona mbwa. Akapiga kichaka. Akapiga migomba. Kadiri alivyolinda nje, ndivyo kuku walivyozidi kulia. Atupele alisimama mlangoni ameshika tumbo lake, analia, "Mama, supu yangu! Supu yangu, mama!" nami nikamshika mkono asije akatoka kwenye utelezi.

"Mzee Ambilikile!" Mama Atupele akaita kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto. "Njoo umchukue mbwa wako, ananivunjia banda!"

Mzee akaja, mfuko wa nailoni kichwani, amechukia. "Mama, leo unanionea kabisa. Mbwa wangu kafungwa."

"Mwite basi tuone!"

Mzee akajaza mapafu. "Watasema!"

Ndani ya banda, mbwa akabweka.

Tukatazamana. Mvua inanyesha. Mwisho Mzee Ambilikile akanong'ona, "Si nilikuambia kafungwa."

Hapo ndipo Mama Atupele alipotafuta ufunguo. Lakini lile fundo la khanga lilikuwa limelowa, na kila alipolivuta lilizidi kukaza. Mzee akauvuta mlango, hautikisiki. Akajaribu kuinua pembe ya banda, akateleza akakaa matopeni. Banda lililomzuia chui kuingia lilimzuia na mbwa kutoka. Ikabidi Mama Atupele alitafune fundo kwa meno, huku analia na kutukana khanga.

Mlango ulipofunguka, wa kwanza kutoka alikuwa Watasema, na mgongoni kwake amepanda kuku mwenye vifaranga, anamdonoa masikio bila huruma. Mbwa akapita mbele ya bwana wake bila hata kumtazama, akatokomea migombani. Ndani, mitetea wawili walikuwa wamekufa. Wengine wamejibana juu kwenye fito, na vifaranga walikuwa hai, wote, kwenye kona.

Mama Atupele akakaa juu ya jiwe lililolowa. "Mzee," akasema taratibu, "hali nyama?"

Mzee Ambilikile akavua ule mfuko kichwani, kama mtu aliye msibani. "Anakula, mama," akasema. "Nilijua."

Asubuhi alikuja na jogoo wake na mitetea wake watatu, na tangu siku ile Watasema alifungwa kwa mnyororo, si kwa kamba ya maneno. Wiki hiyo hiyo Atupele akajifungua mtoto wa kiume, na supu akainywa mpaka akaikimbia.

Tulipokwenda kumwona mtoto, wanawake hawakuwa na hadithi nyingine. Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Mmoja wetu akauliza, "Mama Atupele, na lile kufuli la Tukuyu, lilikuwa na kazi gani?"

Mama Atupele akamweka mjukuu begani, akampigapiga mgongo.

"Kufuli lilifanya kazi yake, jamani. Liliambiwa libane, likabana. Aliyepaswa kuinama akatazame ndani ni mimi. Kufuli halijui mwizi yuko upande gani."