Jicho Lilipovishwa Nguo

Zamani hizo jicho lilikuwa uchi. Msicheke, ndivyo lilivyokuwa. Halikuwa na weupe huu, wala rangi ya kahawia, wala tundu jeusi katikati. Lilikuwa utando mmoja tu, mwembamba na angavu, na kila alichokiona mtu kilibaki pale, wenzake wakakiona. Ukikutana na jirani hukumuuliza habari. Ulimtazama machoni ukajua kama amekula au amefiwa. Waongo hawakuwapo. Si kwamba watu walikuwa wema, walikosa tu pa kujificha.

Tena aliyekukaribia sana aliweza kukuona hadi ndani ya ngozi. Hilo ndilo lililomponza Milembe, mjane mwenye mtoto mmoja wa kike, Kabula. Asubuhi moja, akimsuka nywele, aliona uvimbe mweusi umejishika chini ya moyo wa mwanawe. Uvimbe kama ule ndio uliomuua mumewe. Akaacha kusuka. Kabula alipogeuka kuuliza kulikoni, Milembe aliinamisha uso upesi, akamwomba Mungu mtoto awe hajaona kitu.

Tangu hapo akawa anamhudumia mtoto kwa kumpa kisogo. Alimpakulia uji akitazama ukuta. Akiitwa, anajifanya ana kazi. Ilimuuma kupita kiasi, mtoto anakwenda zake kaburini naye hathubutu kumtazama.

Mwishowe alikwenda kwa Masunga, fundi wa kuwamba ngoma. "Baba, nifunike macho," alimwambia. "Nataka kumtazama mwanangu asione ninachokijua."

"Mama Kabula, ngozi haichagui. Ikimzuia yeye, itakuzuia na wewe. Hutaona tena ndani ya mtu."

"Niliyoyaona yananitosha."

Masunga akawamba kwanza utando laini wa kahawia, wenye vishipa vingi. Juu yake akaweka ngozi nyeupe, ngumu, akaikaza kama akazavyo ngoma. Milembe akapiga ukelele, maana lilikuwa giza tupu. Basi fundi akaikwangua ile nyeupe kwa mbele mpaka ikapitisha mwanga, na ile ya kahawia akaitoboa tundu dogo katikati. Ulimwengu ukarudi.

Alipofika nyumbani hakumkuta mtoto. Kabula alirudi jioni, naye macho yake yamefunikwa vivyo hivyo. "Nilikuona ukitoka kwa fundi," alisema. "Nikataka tufanane."

Milembe alicheka. Akamshika mashavu, akamtazama mpaka akatosheka. Mtoto naye akachungulia ndani ya lile tundu jeusi, akatafuta, akaona kisichana kidogo, yeye mwenyewe.

"Mama, hujambo?" aliuliza. Hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo.

"Sijambo, mwanangu. Na wewe?"

"Sijambo."

Wakaishi hivyo, wakiulizana na kujibizana, mpaka siku Milembe alipotoka kisimani akamkuta mwanawe kitandani amekufa, mwili umekwisha poa. Hakuwa ameona lolote likikaribia.

Matangani, Masunga alishindwa kunyamaza. "Mama Kabula, yule mtoto alikuja kwangu analia. Aliyaona yote machoni mwako siku ile unamsuka. Akaniambia, 'Nifunike, babu, mama asijue kwamba najua.'"

Milembe alianguka chini. Mtoto alikuwa amebeba kifo chake peke yake, ndani ya nyumba ile ile, akilala ubavuni mwa mamaye, na yeye mama hakumwambia hata neno moja la kumtuliza. Alijikwaruza macho kwa kucha ili azing'oe zile ngozi. Zilikuwa zimekwisha shika. Kilichotoka ni maji, na maji hayo hayakumsaidia kitu.

Mngedhani watu walijifunza. Wapi! Kila mtu ana lake la kumficha mwenziwe. Walimiminika kwa Masunga wakisukumana mlangoni, na watoto wao wakaanza kuzaliwa wamekwisha funikwa macho. Na tangu siku hiyo jicho lina matabaka matatu: jeupe la nje, la kahawia la kati, na lile la kale lililozikwa nyuma kabisa, linalopokea kila kitu na lisimwonyeshe mtu. Ndiyo maana ukimwinamia umpendaye ukamtazama ndani ya jicho, hata kama anakufa na anajua anakufa, utakayemwona mle ni wewe tu.