Sange na Ng'ombe wa Matope

Nimwage hadithi?

Mwaga, tuokote.

Hapo kale, ila si kale sana, wanyama wadogo walijifunza kuchora kwa vidole kwenye matope ya mtoni. Ng'ombe wao wote walisimama kama meza. Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, alitamani mno kuchora ng'ombe anayetembea.

Siku moja Mwalimu Mbega akaleta kishikwambi. Ukikigusa, ng'ombe anatembea ndani ya kioo. Ukikigusa tena, anasimama mguu ukiwa hewani, ukaona goti linavyopinda. Sange akatazama hadi akahisi anaelea. Kabla hajashika tope, Fisi akaja, pwata pwata, akakinyakua.

"Nyama hii ni yangu," akasema, akakilamba. Lwa! Ng'ombe akatembea. Lwa! Akasimama. Lwa! Akatembea.

Fisi akalamba weee. Sange akamsogelea polepole.

"Shikamoo, mjomba. Umeshiba?"

"Marahaba, kapua. Bado. Anateleza huyu."

"Huyo ni mdogo, mjomba. Sisi tungekuchorea mkubwa, akajaa uwanja mzima."

"Nyinyi? Ng'ombe wenu ni meza."

"Ndiyo maana tunataka kumtazama huyo. Wewe lala hapo, fumba macho. Ukichungulia, anakimbia."

Fisi akaweka kishikwambi chini, akafumba macho. Wadogo wakaja, nyatu nyatu. Wakagusa, wakatazama, wakachora. Wakagusa, wakatazama, wakachora. Sange akachora mguu, akaufuta, akachora tena, mpaka goti likapinda.

"Tayari?" akauliza Fisi.

"Bado pembe, mjomba."

"Tayari?"

"Bado mkia, mjomba."

Fisi akapitiwa na usingizi, akaota anatafuna.

Jua likalegea. Ukungu mwembamba ukatoka mtoni, ukapita juu ya matope, na Sange akaona ng'ombe wake anapumua. Akaona anainua mguu. Hata leo hajui kama aliota. Akamrudishia mwalimu kishikwambi kimyakimya, kisha akasimama mlangoni pa shimo lake.

"Mjomba, karibu chakula."

Fisi akaruka, akauma paja. Mfyaa! Kinywa kikajaa matope.

"Kapua, mbona hana ladha?"

"Labda hajaiva, mjomba."

Mguu ule ukafutika wote. Sange hakusikitika. Asubuhi yake akachora mguu mwingine, bila kutazama kioo, nao ukatembea.

Basi, wanangu, funzo ni hili: kuchora hakumshibishi mtu. Mkibisha, kamuulizeni Fisi.

Hadithi yangu imechoka, nailaza hapa hapa.

Ilale salama.